Haworth: Kijana wa Kiwandani Aliyeijua Sukari

Ndugu zangu, wengi wetu tunaopita pale Edgbaston tumeliona jina la Haworth kwenye jengo la kemia, tukapita zetu tukikimbia baridi. Basi huyu mzee alikuwa nani?

Norman Haworth alizaliwa tarehe 19 Machi 1883 karibu na mji wa Chorley. Alipofika miaka 14 aliacha shule, akaingia kwenye kiwanda cha linoleamu ambacho baba yake alikuwa meneja. Humo ndimo alipozijua rangi za viwandani, akaipenda kemia. Nyumbani hawakutaka arudi kusoma. Hakukata tamaa: alitafuta mwalimu wa pembeni, akajinoa, na mwaka 1903 akaingia chuo kikuu Manchester. Mwaka 1925 akawa profesa hapa Birmingham.

Fani yake ilikuwa sukari. Enzi hizo wakemia walidhani pete ya glukosi ina atomu tano. Yeye na wenzake wakathibitisha ni sita. Mtindo wake wa kuichora ndio tunaoukuta vitabuni mpaka leo.

Kisha Szent-Györgyi, Mhungaria, akamletea kitu alichokiita asidi ya heksuroni. Haworth, Edmund Hirst na wenzao wakaupata muundo wake, na mwaka 1933 wakakiunda maabara. Kabla ya mwaka huo hakuna vitamini iliyowahi kuundwa hivyo. Ndiyo asidi askobiki, yaani vitamini C. Mwaka 1937 alipata Nobel pamoja na Paul Karrer. Alifariki mwaka 1950, siku ileile aliyotimiza miaka 67.

Mbona mhandisi nahangaika na mkemia? Kwa sababu naunganisha hifadhidata za njia za umetaboli, na hapo majina ni balaa. Vitamini C hiyohiyo, KEGG ya Japani inaiita C00072, ChEBI ya Uingereza inaiita 29073. Kompyuta haina habari kwamba ni kitu kimoja. Ukiunganisha kichwakichwa, njia inakatika katikati, au molekuli moja inahesabiwa mara mbili, na majibu yako yote yanakuwa uongo. Dawa yake ni ileile ya mzee: achana na jina, angalia atomu ipi imeshikana na ipi.

Kwa hiyo ukipita pale tena, simama kidogo. Na kama una mdogo wako nyumbani aliyekatishwa shule, msimulie habari za kijana huyu wa kiwandani.