Woody Strode: Mmarekani mweusi aliyecheza kifo cha Lumumba

Kila tarehe 17 mwezi wa kwanza, Lubumbashi inakumbuka usiku ule wa 1961. Patrice Emery Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walishushwa kwenye ndege uwanja wa Luano wakiwa wamefungwa kamba, wakapigwa, na usiku ule ule wakauawa kwa risasi kule Shilatembo, njia ya kwenda Likasi, karibu kilomita 50 toka mjini. Historia hiyo kila mtoto wa Katanga ameisikia nyumbani ao kwenye masomo.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni hiki: miaka saba tu nyuma ya mauaji yale, wakati Kongo yenyewe ilikuwa bado haijatengeneza filamu hata moja juu ya Lumumba, kuna mtu alikuwa amekwisha kukicheza kifo chake kwenye sinema. Alikuwa Mmarekani, mtoto wa Los Angeles, aliyekuwa mchezaji wa mpira na mpiga catch kabla ya kuwa mwigizaji. Jina lake Woody Strode.

Kwa miaka zaidi ya hamsini Strode alionekana katika filamu nyingi, lakini mara chache sana akiwa mtu wa mbele. Alikuwa akta wa namna ile ambaye watu wanamjua kwa sura, wanashangilia akitokea, halafu wakitoka nje hawakumbuki anaitwa nani. Lubumbashi inajua uzito wa waigizaji wa aina hiyo. Waliokua wakimfuata Mufwankolo na kundi lake kwenye radio na televisheni wanajua kwamba mtu mmoja anayeijua kazi yake anaweza kubeba mchezo mzima, hata akisema maneno matatu tu.

Mtoto wa Los Angeles

Woodrow Wilson Woolwine Strode alizaliwa Los Angeles tarehe 25 mwezi wa saba 1914. Wazazi wake walikuwa wametoka New Orleans, kusini mwa Marekani. Ndani ya ukoo wao mlikuwa damu ya Waafrika waliopelekwa utumwani na damu ya Wahindi wekundu, wenyeji wa kwanza wa nchi ile. Ndiyo maana sura yake ilikuwa ya pekee, na baadaye watu wa sinema waliitumia kwa kila kitu: leo Mwafrika, kesho Mhindi mwekundu, kesho kutwa Mmongolia.

Kijana alikuwa mrefu, karibu mita 1 na sentimeta 93, na mwili wake ulikuwa kama umechongwa. Akaingia chuo kikuu cha UCLA juu ya nguvu zake za michezo. Mpira wao si huu wa TP Mazembe na Lupopo. Ni ule mpira wa Kimarekani, wa kushika na mikono na kuangushana. Katika timu ya 1939 alicheza pamoja na Kenny Washington na Jackie Robinson, weusi wenzake. Mwaka ule timu haikupoteza hata mchezo mmoja, na mchezo wa mwisho dhidi ya wapinzani wao wa mji, USC, uliisha 0-0 mbele ya watu zaidi ya laki moja.

Lakini chuo kilipokwisha, mlango ulifungwa. Ligi kubwa ya mpira ule, NFL, haikuwa imechukua mchezaji mweusi hata mmoja tangu mwisho wa msimu wa 1933. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Wenye timu walikuwa wamepatana tu. Strode na Washington wakaenda kucheza kwenye ligi ndogo ya upande wa magharibi. Vita vilipokuja, Strode akawa askari wa jeshi la anga. Alicheza mpira wa jeshi, akapelekwa pia kwenye visiwa vya Pasifiki, Guam na jirani zake, kupakua mabomu.

Mlango ulivyofunguliwa

Mwaka 1946 timu ya Rams ilihama toka Cleveland kuja Los Angeles, ikataka kuchezea uwanja mkubwa wa mji, ule Coliseum. Waandishi wa magazeti ya weusi wakasimama: uwanja ule umejengwa na pesa ya watu wote, namna gani timu isiyopokea weusi ipewe nafasi pale? Shinikizo likafanya kazi. Mwezi wa tatu Rams wakamwandika Kenny Washington, na mwezi wa tano Woody Strode. Hivyo hawa wawili wakawa weusi wa kwanza kurudi katika ligi ile kisha miaka kumi na miwili. Dunia inamkumbuka zaidi Jackie Robinson, rafiki yao, aliyefungua mlango wa besiboli mwaka 1947. Wao walikuwa wametangulia mwaka mmoja.

Furaha haikuwa nyingi. Strode alikuwa tayari na miaka 32, na kocha hakumtumia sana. Timu ilipofika Chicago, hoteli ya wenzao iliwakataa, wakaenda kulala hoteli ya weusi. Msimu mmoja tu, akaachishwa. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1990, Strode hakuficha kwamba ile ya kuwa wa kwanza haikumpa raha yoyote.

Akavuka mpaka kwenda Canada. Mwaka 1948, pamoja na timu ya Calgary Stampeders, alichukua kombe kubwa la nchi ile, nao hawakushindwa mwaka mzima. Kisha akaumia, mpira ukaisha.

Alikuwa ameoa Luana, binti wa Hawaii mwenye asili ya ukoo wa wafalme wa visiwa vile, na walikuwa na watoto wawili wa kulisha. Akageukia mieleka ya kulipwa, ile ambayo Kongo yote inaita catch. Alizunguka miji ya Marekani akipanda ulingoni karibu kila juma, ndani yake hata na Gorgeous George, nyota mkubwa wa wakati ule. Na ulingoni alijifunza kitu ambacho baadaye kingemlisha: jinsi ya kusimama mbele ya watu na kusema kwa mwili.

Mwafrika wa Hollywood

Filamu ya kwanza inayohesabiwa kwake ni Sundown ya 1941, ambayo hadithi yake inapita Kenya. Alikuwa na sehemu ndogo kabisa. Miaka ya 1950 kazi zikaongezeka, lakini zote za namna moja: mtu wa mkuki, mlinzi wa mfalme, mtumwa, mkubwa wa kijiji katika filamu za Tarzan. Hollywood ilikuwa inatengeneza Afrika yake yenyewe, yenye msitu wa mbao na ngoma zisizonyamaza, na Strode ambaye alizaliwa California ndiye alikuwa Mwafrika wake. Katika filamu ya simba na Androcles ya 1952, alikuwa ndani ya ngozi ya simba. Katika Amri Kumi ya 1956 alivaa taji la mfalme wa Ethiopia, na ndani ya filamu ile ile akaonekana tena kama mtumwa.

Wakati huo huo, hapa kwetu watawala wa Kibelgiji waliweka sheria yao juu ya sinema. Kuanzia 1945, Mkongomani hakuruhusiwa kuangalia filamu ambayo tume ya serikali haikuikubali. Waliogopa watu weusi wamuone mweupe akipigwa, akilewa ao akidanganya. Vijana walipata mwanya wao hata hivyo. Filamu za cowboy zilipendwa sana, mpaka Léopoldville kukazaliwa vikundi vya vijana waliojiita Bill, juu ya Buffalo Bill.

Mwaka 1960, mwaka ule wa uhuru wa Kongo, ndio ulimgeuza Strode. Stanley Kubrick alimpa kazi ya Draba katika Spartacus. Draba ni Mwethiopia aliyelazimishwa kupigana mpaka kufa, mradi matajiri wa Roma wafurahi. Anamshinda Spartacus, anamwekea silaha shingoni, wakubwa wanamwamuru aue. Hauwi. Anarusha ule mkuki wake kwa wale waliokaa juu, anapanda kuwafuata, na anauawa pale pale. Hasemi karibu neno. Lakini ni kifo chake kinachowasha uasi wa watumwa wote. Kazi ile ilimfikisha kwenye orodha ya walioshindania tuzo ya Golden Globe.

Mwaka ule ule John Ford, bwana mkubwa wa filamu za cowboy, alimpa Sergeant Rutledge. Hii ilikuwa hadithi ya askari weusi wa kikosi cha 9 cha farasi, kilichoundwa 1866. Rutledge anashitakiwa kwa kubaka na kuua binti mzungu. Anapata nafasi ya kukimbia, lakini anarudi kuwaonya wenzake juu ya hatari, akijua kwamba kamba inamngoja. Mwishoni haki inaonekana. Studio ilitaka jina kubwa zaidi, Ford akakataa. Hata hivyo, kwenye matangazo waigizaji wawili weupe walitajwa mbele, ingawa filamu ilibeba cheo na jina la mtu ambaye Strode alikuwa anamcheza.

Ford alimrudia mara tatu. Katika filamu ya 1962 juu ya Liberty Valance, Strode ni Pompey, mfanyakazi wa John Wayne. Kuna sehemu moja ambapo Pompey, mtu mzima, amekaa darasani na watoto, anaombwa kueleza maandiko ya uhuru wa Marekani, na anasahau mahali palipoandikwa kwamba watu wote wameumbwa sawa. Mwalimu anamwambia kwamba wengi wanasahau pale. Miaka ile weusi wa kusini walikuwa bado wanapigwa juu ya kudai kura.

Lalubi, yaani Lumumba

Mwaka 1968 Mwitaliano Valerio Zurlini alimwita Strode Ulaya kwa filamu yenye jina la Kiitaliano Seduto alla sua destra, maana yake aliyekaa kuume kwake. Mtu mkuu anaitwa Maurice Lalubi. Jina limebadilishwa, lakini hakuna aliyedanganyika: ni kiongozi Mwafrika, mtu wa maneno na si wa bunduki, anayekamatwa na watu wanaolindwa na mamluki wazungu, anateswa, anakataa kuvunjika, na anauawa. Ndani ya gereza anawekwa pamoja na mwizi mzungu, aliyechezwa na Franco Citti, na urafiki unazaliwa kati yao. Zurlini alifuata hadithi ya Yesu na mwizi msalabani. Ndiyo maana ilipofika Marekani, mwaka 1971, waliipa jina Black Jesus.

Filamu ilichaguliwa kwa mashindano ya Cannes ya 1968, lakini migomo ya Ufaransa mwezi ule wa tano ilisimamisha kila kitu.

Si historia kamili ya Katanga. Lumumba aliuawa akiwa na miaka 35, Strode alikuwa amepita 50. Mpolo na Okito hawaonekani. Tena Lumumba wa kweli hakuwa mtakatifu mpole wa kuta za kanisa. Alikuwa mwanasiasa mwenye hasira na mipango. Mkongomani anayeitazama leo ana haki ya kulalamika juu ya hayo. Lakini wakati wakubwa wa Ulaya na Marekani walitaka jambo la Elisabethville lisahauliwe, na miili ilikuwa imeyeyushwa ndani ya asidi ili pasibaki kaburi, filamu hii iliweka kile kifo mbele ya macho ya watu. Na ilimwekea Strode mzigo ambao Hollywood haikumpa: kuwa mtu wa katikati, mwenye akili, anayeongea.

Miaka ya mwisho

Italia ilimheshimu na kumlipa vizuri kuliko kwao. Mwaka ule wa 1968 Sergio Leone alimweka mwanzoni mwa Once Upon a Time in the West, mmoja wa wauaji watatu wanaongoja treni kwenye kituo kikavu. Tone la maji linaanguka juu ya kofia yake. Hapigi kelele, hasogei. Baadaye anavua kofia na kunywa yale maji. Dakika chache baadaye amekufa, lakini watu wa sinema duniani bado wanaongelea lile tone. Akacheza tena na Terence Hill na Bud Spencer, na wengine wengi.

John Ford alipozeeka na kuugua, Strode alihamia kwake kwa miezi, akilala chini sakafuni karibu na kitanda ili kumsaidia. Ford alikufa mwaka 1973. Luana naye alifariki 1980.

Mwaka 1992 Strode aliingizwa katika nyumba ya heshima ya michezo ya chuo chake, UCLA. Mwaka 1993, katika filamu Posse, alikuwa mzee anayesimulia habari za cowboy weusi waliosahauliwa. Alikufa kwa kansa ya mapafu tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 1994, akiwa na miaka 80, huko Glendora, California. Filamu yake ya mwisho, The Quick and the Dead, ilitoka 1995 ikiwa imewekwa kwa ukumbusho wake. Mwaka ule ule ilitoka pia Toy Story, na yule mdoli wa cowboy anayeitwa Woody, ambaye watoto wa Lubumbashi nao wanamjua, alipewa jina lake.

Lumumba alipata filamu nyingine kubwa mwaka 2000, ya Raoul Peck wa Haiti, akichezwa na Eriq Ebouaney. Ile ya Zurlini imebaki pembeni, inaonyeshwa mara chache. Mwaka 2022 jino la Lumumba lilirudishwa toka Ubelgiji, likapitishwa Kisangani, Lubumbashi na Shilatembo kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30 mwezi wa sita. Atakayeitafuta filamu ya Lalubi atakuta, chini ya jina lingine, habari ya njia ile ile ya Likasi.