John Bartram, Mgawaji wa Mbegu

Twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za John Bartram, mkulima wa Pennsylvania huko Marekani, aliyezaliwa mwaka 1699. Shuleni alisoma kidogo tu, lakini miti aliipenda mno, akapanda bustani kando ya mto Schuylkill.

Tangu mwaka 1733 hivi aliandikiana na Peter Collinson, mfanya biashara ya nguo wa London, mpenda bustani kama yeye. Bartram alimpelekea masanduku ya mbegu za mwaloni na kokwa za porini. Collinson akamrudishia mbegu za Ulaya na vitabu. Kazi hiyo ilikuwa ngumu, kwa maana mbegu ya mwaloni ikikauka hufa, na safari ya merikebu ilikuwa ya majuma mengi. Wawili hao hawakuonana kamwe, walakini waliaminiana hata Collinson alipofariki mwaka 1768.

Mwaka 1765 Bartram na mwanawe William waliona mti mgeni kando ya mto Altamaha, Georgia. Baadaye William alichukua mbegu zake, zikapandwa, zikagawiwa. Baba alifariki mwaka 1777. Baada ya mwaka 1803 mti ule haukuonekana tena porini. Kama mbegu zile zisingaligawiwa, leo tusingalikuwa nao.