Mtoto wa Mshonaji Jeshini

Huulizwa mara nyingi kama kijana asiyemaliza shule aweza kulifaa jeshi kwa lolote zaidi ya kubeba bunduki. Badala ya kubishana, twapenda kusimulia habari za William Robertson wa Uingereza.

Alizaliwa mwaka 1860 katika kijiji cha Welbourn, baba yake akiwa mshonaji nguo. Akiwa na miaka 13 aliacha shule, akawa mtumishi katika nyumba za wakubwa. Mwaka 1877 alijiandikisha katika kikosi cha wapanda farasi, umri wake miaka 17, hali sheria ilitaka 18. Mama yake alisikitika mno, kwani siku zile askari alihesabiwa pamoja na walevi na wahuni.

Cheti hakuwa nacho, lakini elimu hakuikimbia. Alipokuwa akisafisha vifaa vyake, wenzake walimsomea vitabu kwa sauti. Na mitihani ya elimu ya jeshi akaishinda. Mwaka 1888 alipewa cheo cha afisa. Hapo ndipo tuonapo kizuizi chenyewe, nacho hakikuwa ujinga bali fedha. Afisa wa wapanda farasi alitazamiwa kuishi kwa mali ya kwao, maana mshahara haukutosha. Robertson akaenda India, ambako gharama zilikuwa nafuu. Baba yake alimshonea sare. Naye mezani alikunywa maji, wenzake wakinywa mvinyo. Alijifunza Kiurdu, Kiajemi, Kipashto na lugha nyingine, na ujuzi huo ukamwongezea kipato.

Mwaka 1897 aliingia chuo cha maafisa cha Camberley, wa kwanza kufika humo miongoni mwa waliotoka katika safu za askari wa kawaida. Mwaka 1910 akawa mkuu wa chuo hicho hicho.

Tangu Desemba 1915 hadi Februari 1918 alikuwa mshauri mkuu wa serikali yake katika mambo ya vita. Hapa hatuwezi kumsifu tu. Mapigano ya Passchendaele ya mwaka 1917 aliyatilia shaka moyoni, walakini alimuunga mkono Jemadari Haig, na makuruta kama alivyokuwa yeye wakafa matopeni kwa maelfu mengi.

Mwaka 1920 alifanywa Fildi Marshali. Katika jeshi hilo hakuna mwingine aliyeanzia ukuruta akafika hapo. Alifariki mwaka 1933. Katika vikao vya mawaziri na majemadari alikuwa akisema Kiingereza cha watu wa kwao, herufi H zikidondoka njiani.