Carver, Mwalimu wa Udongo Uliochoka



Sisi watu wa masomo tunapenda kusema kama wakulima wa Kabare na Walungu wanakataa mbolea mpya kwa sababu ya ujinga. Hata mimi nilimwambia nyanya yangu vile. Kisha nikasoma maisha ya George Washington Carver, nikapata haya.

Carver alizaliwa katika utumwa karibu na mwaka 1864, jimbo la Missouri, Marekani. Alipokuwa mtoto mchanga, wezi walimwiba pamoja na mama yake. Bwana wao, Moses Carver, alimpata tena mtoto kwa kutoa farasi mmoja, lakini mama hakuonekana tena hata siku moja. Mtoto alikuwa dhaifu, basi hakutumwa kazi nzito. Alibaki karibu na nyumba akichunga maua na mimea.

Alitafuta masomo kwa shida nyingi. Shule moja ya juu ilimkubali kwa barua, lakini alipofika, wakaona ngozi yake ni nyeusi, wakamrudisha. Hakuvunjika moyo. Alipata diploma ya kilimo huko Iowa mwaka 1894, na ya pili mwaka 1896.

Mwaka ule ule Booker T. Washington alimwita kufundisha Tuskegee, katika Alabama. Huko alikuta udongo umechoka kabisa, sababu watu walipanda pamba kila mwaka fasi ile ile. Wakulima wengi weusi walilima shamba la mtu mwingine na kumgawia mavuno. Mbolea ya mfuko waliijua. Waliichukua kwa deni, na mavuno yakikosa, deni linabaki. Hofu yao haikuwa ujinga, ilikuwa hesabu.

Carver akafanya hesabu pamoja nao. Aliwafundisha kukusanya majani ya porini, matope ya bwawa na samadi, kuvirundika mpaka vioze, kisha kuvitia shambani. Vyote vilipatikana bila franka. Aliwaonyesha pia kupanda kunde na karanga, kwa maana mizizi yao inasaidia kuingiza azoti ya hewa katika udongo, na azoti ni chakula cha mimea. Tena alifundisha namna ya kupika mazao hayo, kwani nani atapanda kitu asichojua kula wala kuuza?

Mwaka 1905 alitoa kijitabu juu ya kurudishia udongo nguvu. Lakini wengi hawakujua kusoma. Basi mwaka 1906, kwa pesa za Morris Jesup, gari la kukokotwa na wanyama likatengenezwa, likapakiwa vyombo na mbegu, likapita vijijini na Thomas Campbell. Mkulima aliona kwa macho yake, karibu na shamba lake.

Carver hakuoa. Alikufa tarehe 5 Januari 1943, akaacha akiba yake kwa utafiti.

Kiisha kusoma hayo, likizo iliyopita nilimuuliza nyanya kwa nini samadi yote anaitupa kwenye migomba ya nyuma ya nyumba, na shamba la mlimani halipati kitu. Akanionyesha mgongo wake. Kupandisha kitunga cha samadi mlimani ni kazi ya mgongo, na mgongo ni wake, si wangu. Nilinyamaza. Kesho yake nikachimba shimo kule kule juu, kando ya maharagi, tukaweka magugu na majani yasiyohitaji kubebwa. Samadi kidogo nikaibeba mimi. Sijui bado mavuno yatasema nini, lakini nyanya mwenyewe anaendelea kulijaza shimo.

Ndugu wa mwaka wa sita, kiisha mtihani wa serikali wengine kati yetu watakuwa waagronomi. Tunapashwa kuuliza mbele ya kufundisha: mbolea hii inaomba pesa gani, mgongo wa nani, na mvua ikikosa, deni ni la nani? Mkulima anajua majibu. Carver alikubali kuyasikia.

Mkuu wa wanafunzi, mwaka wa sita