Ada Lovelace na Somo la Kuanza bila Mashine

Huku kwetu Mwakirunge, viungani mwa Mombasa, wanafunzi hulalamika kwamba hawawezi kujifunza kuandika programu kwa kuwa hawana tarakilishi. Lalamiko lao lina uzito, hasa baada ya silabasi ya somo hilo kuidhinishwa mwaka 2022 kwa shule zetu. Hata hivyo, ningewaomba wayatafakari maisha ya Ada Lovelace.

Ada alizaliwa London tarehe 10 Desemba 1815, binti wa mshairi Byron. Wazazi wake walitengana angali mchanga, naye mama akasisitiza afunzwe hisabati. Mwaka 1833 alikutana na Charles Babbage, mbunifu wa mashine za kupiga hesabu. Mwaka 1840, akiwa mama wa watoto watatu, alirejea masomoni: alimwandikia Augustus De Morgan maswali ya hisabati, naye akamjibu kwa barua.

Kwa kuwa fani yangu ni isimu, linalonivutia zaidi ni kwamba Ada aliingia katika uwanja huu kupitia tafsiri. Mwitaliano Luigi Menabrea alikuwa amechapisha, mwaka 1842, makala ya Kifaransa kuhusu mashine mpya ya Babbage. Ada aliyatafsiri kwa Kiingereza, kisha akayaongezea maelezo marefu takriban mara tatu kuliko makala yenyewe. Katika maelezo hayo, yaliyochapishwa 1843, mna jedwali la hatua 25 za kukokotoa namba za Bernoulli, baadhi ya hatua zikirudiwa. Wengi huliita programu ya kwanza kuchapishwa. Nalo halikukosa dosari: katika hatua ya 4, kigawanyo na kigawanywa vimebadilishana nafasi. Mashine yenyewe haikukamilika kamwe. Ada alifariki tarehe 27 Novemba 1852, akiwa na umri wa miaka 36.

Basi anayeanza na achukue kalamu. Aandike, kwa mfano, jinsi ya kuhesabu rundo la nazi: anza na sifuri, ikiwapo nazi, iondoe, ongeza moja, rudia, zikiisha, taja jumla. Kisha mwenzake azifuate hatua hizo bila kubahatisha. Atakapokwama, hapo ndipo penye kosa. Mwalimu aweza kufundisha haya ubaoni kesho.

Ila wakubwa wasiyafanye maneno yangu kisingizio. Ada alikuwa wa tabaka la matajiri, na bado hakupata mashine ya kuijaribia kazi yake. Mtoto wa Mwakirunge anastahili kuipata.