Arnold Theiler na Vitone katika Damu

Mtazame mbuzi aliyedhoofika zizini, pengine huko Bahi au Mpwapwa. Ukifunua mdomo wake, huenda ukaona ufizi umekuwa mweupe. Damu yake imepungua, ingawa hana jeraha. Je, damu hiyo imekwenda wapi?

Aliyetusaidia kujibu swali hili ni Arnold Theiler. Alizaliwa Uswisi mwaka 1867, akasomea uganga wa mifugo. Mwaka 1891 alihamia Afrika Kusini. Huko mashine ya shambani ilimkata mkono wa kushoto. Hata hivyo hakuiacha kazi yake.

Wataalamu walikuwa wameona vitone vidogo ukingoni mwa chembe nyekundu za damu ya ng'ombe wagonjwa. Walidhani kuwa ni hatua ya maisha ya kijidudu cha ugonjwa mwingine. Mwaka 1910 Theiler alionyesha kwamba vitone hivyo ni viini vya ugonjwa wa pekee. Ugonjwa huo ni ndigana baridi. Leo twajua kuwa viini hivyo ni bakteria, na kwamba mbuzi huambukizwa na bakteria wa jamii hiyo. Kupe ndio huwaeneza.

Chembe zilizoingiwa na bakteria huondolewa na wengu. Chembe zikipungua sana, mwili haupati oksijeni ya kutosha, naye mnyama huishiwa nguvu, hata aweza kufa.

Theiler alifariki mwaka 1936. Nawe chunguza masikio ya mbuzi wenu. Ukiona kupe, waeleze wazazi wako wamwite bwana mifugo mapema.