Paul Bomani: Kutoka Mizani ya Pamba hadi Bungeni

1.0 Utangulizi

Historia ya Bunge la Tanzania kwa kawaida huandikwa kwa kufuata sheria zilizopitishwa na viongozi wakuu waliozisimamia. Njia hiyo ina manufaa yake, lakini humfifisha mbunge kama mwakilishi wa watu wa mahali fulani. Maisha ya Paul Lazaro Bomani (1925-2005) yanafaa kuchunguzwa kwa mtazamo huo wa pili. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba uwezo wake wa kisiasa ulichipuka katika ushirika wa wakulima wa pamba wa Usukuma, na kwamba kadiri alivyozidi kupanda katika serikali ndivyo uhusiano wake na chimbuko hilo ulivyozidi kulegea. Kipimo cha jambo hili ni uchaguzi wa mwaka 1965.

2.0 Chimbuko: Mizani na Ushirika

Bomani alizaliwa katika eneo la Musoma, mashariki mwa Ziwa Viktoria, na alisoma Ikizu, katika shule ya misheni ya Waadventista Wasabato. Baadaye aliajiriwa katika mgodi wa almasi wa Williamson huko Mwadui. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alihamia Mwanza na kuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika.

Wakati huo pamba ilikuwa ndiyo zao kuu la biashara la Usukuma. Hata hivyo, ununuzi wake na vinu vya kuichambua vilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Asia. Malalamiko makubwa ya wakulima yalihusu mizani: mkulima alifika na mzigo wake, akaambiwa uzito ambao hakuwa na namna ya kuuhakikisha. Wakulima wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe. Mambo yaliyoanza kama ulinzi wa mizani yakawa vyama vya msingi vilivyoandikishwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1932. Bomani alikuwa miongoni mwa waliouunganisha uwezo huo uliotawanyika vijijini. Aliongoza chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na baada ya kwenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika, akawa meneja mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililoundwa mwaka 1955. Mwaka 1956 Shirikisho lilikuwa na kinu chake cha kwanza huko Kasamwa, Geita, na kufikia mwaka 1959 vyama vya ushirika ndivyo vilivyokuwa vikinunua pamba yote ya eneo hilo.

3.0 Baraza la Kutunga Sheria

Katikati ya miaka ya 1950 Bomani aliteuliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1955 baraza hilo lilipanuliwa likawa na wajumbe 30 wasio wa serikali: Waafrika 10, Waasia 10 na Wazungu 10, ingawa Waafrika walikuwa ndio karibu wananchi wote. Wajumbe hao waliteuliwa na Gavana, na upande wa serikali ulikuwa na wingi wa kura. Kwa hiyo kura ya mjumbe Mwafrika haikuweza kuuzuia muswada wowote. Kilichokuwa na uzito zaidi ni nguvu iliyokuwa nyuma ya msemaji. Kwa upande wa Bomani, nguvu hiyo ilikuwa maelfu ya wakulima waliokuwa wanachama wa ushirika.

Umuhimu wa msingi huo ulizidi kwa sababu serikali ya kikoloni ilikataa kuandikisha matawi ya TANU katika Jimbo la Ziwa kuanzia mwaka 1954 hadi 1958. Katika miaka hiyo ushirika ulikuwa chombo kikuu halali ambamo Waafrika wa jimbo hilo waliweza kukusanyika na kuchagua viongozi wao. Ulipofanyika uchaguzi wa kura tatu wa mwaka 1958 na 1959, ambapo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, Bomani alirudi barazani akiungwa mkono na TANU.

4.0 Waziri na Miswada

Mwaka 1960 Bomani aliingia katika serikali ya Nyerere akiwa Waziri wa Kilimo. Januari 1962, mwezi mmoja baada ya uhuru, alishika Wizara ya Fedha baada ya Sir Ernest Vasey. Hapo ndipo kazi yake ya kutunga sheria ilipobadilika. Waziri wa Fedha ndiye huwasilisha makadirio na miswada ya kodi, akaitetea katika hatua zake zote. Kwa hiyo Bomani aliyekuwa akiidai serikali haki za mkulima sasa alikuwa na wajibu wa kumwomba mkulima huyo agharimie maendeleo ya taifa.

Ni vigumu kumpima waziri wa enzi hiyo kwa orodha ya kura zake. Takriban viti vyote vilikuwa vya TANU, na mawaziri walifungwa na uwajibikaji wa pamoja. Miswada ndiyo inayoeleza zaidi. Juni 1965 Bomani alitangaza bungeni kwamba Tanzania itakuwa na benki kuu na sarafu yake, badala ya kuendelea na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Sheria yenyewe ilipitishwa Desemba 1965, wakati Wizara ya Fedha ikiwa tayari chini ya Amir Jamal. Katikati ya tangazo na sheria kulikuwa na uchaguzi mkuu.

5.0 Uchaguzi wa 1965

Uchaguzi wa Septemba 1965 ulikuwa wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja. Karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja akitumia alama ya jembe na mwingine nyumba. Wagombea walihutubia mikutano pamoja, walikatazwa kutumia ukabila, dini au rangi, na lugha ya kampeni ilikuwa Kiswahili peke yake. Kanuni hizo zilimnyima waziri kinga mbili: hakuweza kujificha nyuma ya chama, kwani mpinzani wake alikuwa wa chama hichohicho, wala kudai kwamba Rais anampendelea yeye.

Katika jimbo la Mwanza Mashariki, Bomani alishindwa. Sababu moja haitoshi kueleza matokeo ya uchaguzi, lakini mazingira yake yanaeleweka. Shirikisho alilolijenga lilikuwa limekuwa taasisi kubwa yenye makato na watumishi wengi, na mwaka 1966 Rais aliunda kamati maalumu kuchunguza malalamiko dhidi ya vyama vya ushirika nchini. Mkulima aliyewahi kuitilia shaka mizani ya mfanyabiashara sasa aliitilia shaka ya ushirika, na aliyekuwa mtetezi wake alikuwa Dar es Salaam akisoma bajeti.

Nyerere alimteua Bomani kuwa mbunge na kumkabidhi Wizara ya Uchumi na Mipango ya Maendeleo. Kikatiba uteuzi huo ulikuwa halali. Hata hivyo, unaibua swali ambalo wanafunzi wa siasa za Tanzania hawana budi kulikabili: iwapo wapiga kura wanaweza kumwondoa mwakilishi lakini hawawezi kumwondoa waziri, kura yao inaishia wapi?

6.0 Hitimisho

Kuanzia mwaka 1972 Bomani aliiwakilisha Tanzania nchini Marekani kwa muda wa takriban miaka 11, kisha akarejea katika uwaziri. Mwaka 1993 akawa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wadhifa alioushika hadi alipofariki mwaka 2005. Nyadhifa hizo zote zilitokana na uteuzi. Wadhifa uliotokana na wakulima wenyewe ulikuwa ule wa awali, na waliompa ndio waliompima upya mwaka 1965. Anayetaka kuelewa ubunge wa Kanda ya Ziwa hana budi kuanzia kwenye vituo vya kununulia pamba kabla ya kufungua Hansadi.